Nani Atamwita Wangero?

Kuna msichana mmoja katika fasihi ya Marekani ambaye sisi Wakenya tungefaa kumjua vizuri kuliko tunavyomjua, maana jina lake alilitoa kwetu. Anaitwa Dee Johnson. Ni mhusika katika "Everyday Use", hadithi fupi ya Alice Walker iliyochapishwa mwaka wa 1973. Dee amesoma, amehamia mjini, na siku hiyo anarudi mashambani kusini mwa Marekani kumtembelea mamake na mdogo wake, Maggie. Anashuka garini na gauni refu la rangi za kuumiza macho, kando yake mwanamume mwenye nywele nyingi na ndevu nyingi. Anamsalimia mamake kwa Kiganda. Halafu anatoa habari: Dee amekufa. Yeye sasa ni Wangero Leewanika Kemanjo.

Hadithi hii imesomeshwa kwa miaka hamsini, na mara nyingi swali la darasani ni lile lile: nani anauelewa urithi wa familia, Dee aliyesoma au Maggie aliyebaki nyumbani? Mimi nina swali dogo zaidi. Ni swali ambalo mzazi yeyote anayemtafutia mtoto jina hukutana nalo siku hizi, awe Ruaka au awe Chicago. Jina la watu wengine linakuwaje lako? Na je, linawezekana kuwa lako hata kidogo?

Tuanze na sikio. Kwa msomaji wa Atlanta majina hayo matatu ni sauti tu, ni "Afrika". Kwa msomaji wa Murang'a ni mambo mengine. Wangero? Hebu litamke. Linaelekea Wanjiru, linapinda kidogo upande wa Wangari, halafu linaishia njiani. Halimo kati ya majina ya mabinti wa Mũmbi ambayo koo za Wagikuyu hujihesabia. Kemanjo linafanana na Kamenju, ila ni kama limeandikwa na mtu aliyelisikia mara moja, tena kwa mbali. Leewanika nalo halijawahi hata kuuona Mlima Kenya: Lewanika alikuwa mfalme wa Walozi, katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliyefariki mwaka wa 1916. Kwa hivyo binti huyu amejivika Kenya juu na chini, Zambia katikati, na salamu ya Uganda mdomoni. Ni kama mtu aliyepita Gikomba akachomoa koti, shati na kofia kutoka mafurushi matatu tofauti. Tofauti ni kwamba safari hii mitumba imetoka kwetu ikaenda kwao.

Sasa, kosa ni la nani? Walker alizuru Afrika Mashariki akiwa mwanafunzi, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi, *Once* cha 1968, kina mashairi ya safari hiyo. Inawezekana kwamba aliyaharibu majina kwa makusudi, ili Dee aonekane mtu anayedai urithi asioweza hata kuuandika. Ikiwa ni hivyo, basi mzaha wenyewe umefichwa mahali ambapo wasomaji wake wengi hawawezi kuuona, na sisi huku ndio tunaoupata. Inawezekana pia kwamba kosa ni la mwandishi mwenyewe, na hapo atakuwa amefanya kile kile anachomchekea Dee. Hadithi haisemi. Wasomi wamelizungumzia jambo hili, na mimi sioni haja ya kuamua kesi, kwa sababu ndani ya hadithi kuna jambo zito zaidi ambalo limesemwa wazi, na ambalo Mkenya analisikia kwa namna yake.

Mama anamuuliza Dee kwa nini ameliacha jina lake. Dee anajibu kwamba hangeweza kuendelea kubeba jina la watu wanaomkandamiza. Mama anashangaa. Anamkumbusha kwamba alipewa jina la shangazi yake, Dicie, ambaye nyumbani walimwita Big Dee. Na Big Dee alipewa jina la nani? La nyanya Dee. Na yeye? La mamake. Mama anawaza moyoni kwamba angeweza kulifuata jina hilo nyuma hadi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaani kabla ya 1861, lakini anaona Dee anachoka, naye analiacha.

Soma hapo tena ukiwa na masikio ya Kiambu au Nyeri. Kwa Wagikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mamake baba, wa pili jina la mamake mama, halafu zamu inaenda kwa mashangazi. Wavulana vivyo hivyo, kuanzia kwa babake baba. Mtoto anayeitwa Wanjiru hakupewa jina hilo kwa sababu wazazi walipenda maana yake. Alipewa kwa sababu kuna Wanjiru mwingine, shosho yake, ambaye sasa amerudi nyumbani akiwa na miguu midogo. Utamsikia mzee mzima akimwita binti yake wa miaka mitatu "maitũ", mama yangu, na hakuna anayecheka, kwa sababu ni kweli. Ukiuliza "Wanjiru maana yake nini?" jibu sahihi si neno. Jibu ni mtu.

Kwa hivyo jina la Kigikuyu kuliko yote katika hadithi ya Walker ni Dee. Sauti yake ni ya Kizungu, lakini kazi yake ni ile ile: shangazi, nyanya, mamake nyanya, mlolongo wa wanawake wanaoitana vizazi na vizazi. Dee aliutupa utaratibu akaokota sauti. Alisafiri kimawazo maelfu ya maili kutafuta kitu ambacho mamake alikuwa nacho mdomoni, barazani, siku zote.

Walker analikaza jambo hili kwa vitu. Wakimaliza kula, Dee anaanza kudai mali ya kale: kifuniko cha chombo cha kutengenezea siagi, mti wa kusukia siagi, na hasa blanketi mbili za viraka. Anataka kuzitundika ukutani. Lakini blanketi hizo zilianzwa na nani? Na nyanya Dee. Nani alizimalizia pamoja na mama? Big Dee. Yaani binti huyu anataka kazi ya mikono ya kina Dee wote, ila jina lao hataki. Na anapouliza nani alichonga ule mti wa siagi, ni Maggie, yule mwenye makovu ya moto na aibu ya kuinua macho, anayejibu: ni mume wa kwanza wa shangazi Dee, jina lake Henry, lakini watu walimwita Stash. Maggie hana digrii. Anajua majina. Tena anajua jina lililoandikwa na jina lililoitwa, na hayo ni mambo mawili.

Usomaji wa kawaida hukomea hapo: Dee mbaya, Maggie mzuri, blanketi zikabaki kwa Maggie. Lakini ngoja. Dee hapewi haki yake, na nadhani hili ndilo doa la hadithi. Mama analifuata jina hadi kabla ya vita na kusimama. Kwa nini asimame hapo? Kwa sababu nyuma ya hapo kuna mnada. Nyuma ya hapo kuna mtu aliyenunua mtu na kumwandika daftarini jina alilotaka. Dee ana haki ya kuuliza jina lilitoka wapi kabla ya nyanya wa kwanza. Hasira yake si ya bure. Walker anampa hasira hiyo sentensi moja tu, kisha anamzungushia miwani ya jua, kamera na maringo mpaka msomaji asahau kwamba swali lilikuwa la kweli. Sisi ambao babu zetu walipewa kina James na kina Gladys mlangoni mwa misheni, kama tiketi ya kuingilia darasani, hatuna sababu ya kumcheka sana.

Na Dee hakuwa peke yake. Mwaka wa 1966 Maulana Karenga, aliyezaliwa Ronald Everett, alianzisha sherehe ya Kwanzaa akaipa misingi saba kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. LeRoi Jones, mshairi na mwandishi wa tamthilia, akawa Amiri Baraka. Don L. Lee, mshairi wa Chicago, akawa Haki Madhubuti. Halafu mwaka wa 1976 Alex Haley akatoa *Roots*, mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwenye televisheni, na tukio la baba Mmandinka akimpa mtoto wake jina likaingia sebuleni mwa kila mtu. Watoto wakaanza kuzaliwa wakiitwa Imani, Nia, Jabari, Zuri. Mwigizaji Taraji Penda Henson, aliyezaliwa 1970 jijini Washington, ana majina mawili ambayo kwa sikio la Mswahili ni kama amri mbili nzuri: tarajia, penda.

Kwa nini Kiswahili, wakati wengi wa waliotekwa walitoka Afrika Magharibi na ya kati? Karenga alikichagua kwa sababu si lugha ya kabila moja. Kumbuka sababu hiyo, tutairudia.

Kilichotokea baadaye ni kwamba maneno yaligeuzwa kuwa majina kupitia kamusi, na kamusi ina tabia zake. Chukua Zuri. Mtu ni *mzuri*, nyumba ni *nzuri*. *Zuri* peke yake ni la gari, tunda, jicho, au, kwa bahati, jina. Jina zuri. Yaani mtoto anayeitwa Zuri, kisarufi, anasifiwa kama kitu cha ngeli ya gari. Au Jabari: orodha zinasema "jasiri", lakini mlango wa neno hilo ni Al-Jabbar, mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, na si kila mzee wa Mombasa atakubali kumwita mtoto hivyo bila "Abdul" mbele yake. Na huku kwetu mambo ni yale yale. Fungua orodha yoyote ya majina ya watoto kwenye simu utafute Kamau. Utaambiwa: "shujaa mkimya". Waambie hayo kina Kamau unaowajua. Kuna mmoja anaendesha matatu ya Githurai na si mkimya hata dakika moja.

Sisemi haya ili kucheka. Nasema orodha ya majina ni aina ya fasihi, na kama fasihi ina msimamo wake, hata kama haijui. Msimamo wake ni kwamba jina ni neno, neno lina maana, na mzazi ni mnunuzi anayechagua maana. Nguvu. Amani. Nuru. Shujaa mkimya. Hakuna mahali kwenye orodha panaposema: jina hili lilikuwa la nani, na nani atakuita.

Toni Morrison alilijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana katika *Song of Solomon*, riwaya ya 1977, aliligeuza kabisa. Baba mmoja asiyejua kusoma amefiwa na mkewe wakati wa kujifungua. Anafungua Biblia, anaangalia herufi kama picha, na anachagua kundi la herufi linalomkumbusha mti mkubwa uliosimama juu ya miti midogo kama mlinzi. Anainakili kwenye karatasi. Mkunga anaisoma na kushtuka: ni Pilato, yule aliyemtoa Yesu asulubiwe. Baba hababaiki. Mtoto ataitwa Pilate.

Ukitumia kipimo cha kamusi, hilo ndilo jina baya kuliko yote duniani. Kumbe Pilate, akiwa na miaka kumi na miwili, anaitoa ile karatasi kwenye Biblia, anaikunja ndani ya kijisanduku cha shaba na kuining'iniza sikioni. Anaibeba maisha yake yote. Habebi maana. Anabeba mwandiko wa babake, jambo pekee alilowahi kuliandika. Jina lilitoka katika kitabu cha watu wengine, lugha ya watu wengine, hadithi ya watu wengine, na likawa lake kabisa kwa sababu mkono uliolileta ulikuwa mkono wa mtu wake. Katika riwaya hiyo hiyo, jina la ukoo la familia, Dead, lilitokana na karani mlevi aliyejaza fomu vibaya. Mkenya yeyote ambaye herufi ya jina lake ilipotelea kwenye kaunta ya serikali atacheka hapo, halafu ataguna.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka wa 1971 mshairi kutoka Barbados, Edward Brathwaite, alikuwa Kenya, akiwa na nafasi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko Limuru, nyanyake Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa jina: Kamau. Akalibeba. Vitabu vyake vikaanza kutoka kwa jina la Edward Kamau Brathwaite, baadaye Kamau Brathwaite tu, hadi alipofariki mwaka wa 2020.

Mlinganishe na Dee. Wote wawili ni wajukuu wa watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Wote wawili walichukua jina kutoka kona ile ile ya dunia, karibu miaka ile ile. Lakini Brathwaite hakulichukua. Alipewa. Shosho wa Limuru hakuwa na orodha mkononi wala hakuwa anauza maana. Alikuwa mtu wa kulitamka, mwenye majina ya kugawa, na aliyempa mgeni alimweka mahali fulani katika hesabu ya watu wake. Ukimuuliza Brathwaite "Kamau maana yake nini?" angeweza kukujibu vizuri kuliko simu: maana yake ni bibi mmoja, Limuru.

Na tazama jinsi familia ile ilivyokuwa na msongamano wa majina miaka hiyo. Wakati shosho anampa mgeni Kamau, mjukuu wake alikuwa anaivua James. *A Grain of Wheat* ilipotoka mwaka wa 1967, jaladani aliandikwa James Ngugi. *Petals of Blood* ya 1977 ni ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Marehemu Ngũgĩ na Dee walikataa jambo moja: jina lililoletwa na aliyekuwa juu yao. Lakini Ngũgĩ alipoivua James, chini yake palikuwa tayari na jina, na baada yake palikuwa na "wa", na baada ya "wa" palikuwa na baba. Dee alipomvua Dee, alikuwa anawavua shangazi na nyanya.

Hapa lazima nikubali jambo linaloisumbua hoja yangu mwenyewe. James siyo wa Waingereza tena. Nenda kijiji chochote cha Mlima Kenya utakuta kijana anaitwa James kwa sababu guka yake aliitwa James, na yeye guka alibatizwa na mmisionari ambaye hakuna anayemkumbuka. Mtoto huyo hakupewa jina la kizungu. Alipewa jina la guka. Pwani, Hamisi na Juma yaliingia kwa Kiarabu, yakiwa ni Alhamisi na Ijumaa, na leo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwambia Juma wa Kwale kwamba amevaa utamaduni wa watu. Hata Barack, jina lenye mzizi wa *baraka*, lilitoka Uarabuni, likapitia kwa familia ya Mjaluo aliyesilimu, likavuka hadi Hawaii, na Novemba 2008 likarudi Nyanza kwa kishindo, watoto wakazaliwa Kisumu na kuandikwa Barack na Michelle. Sidhani jina huwa na kwao pamoja tu. Nadhani jina la kigeni huanza kuwa lenu siku mtoto wa pili anapolirithi kutoka kwa wa kwanza. Mpaka hapo, bado ni mgeni aliyekaa sebuleni.

Kwa hivyo jambo zito si mipaka, eti hili letu hili lao. Ni mlolongo. Na hapo ndipo swali linapouma kwa mzazi Mkenya wa leo, kuliko lilivyomuuma Dee.

Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo watu walidaiwa vitambulisho. Aliyekishika hakuangalia picha. Aliangalia jina la mwisho. Jina lililotoka kwa babu, lililobeba mlolongo wote ninaousifu hapa, liliweza kukuua. Tangu hapo kuna wazazi, hasa wa mijini na hasa wa ndoa za makabila mawili, ambao wanasema wazi kwamba hawataki mtoto asomeke. Wanamwita Amani Baraka. Wanamwita Imani Zawadi. Jina la tatu, la babu, wanaliacha nje ya fomu. Ukiwaambia kwamba wamekata kamba ya ukoo, watakwambia ndiyo, tumeikata kwa makusudi, maana kamba hiyo hiyo ilitumika kunyonga watu. Sina jibu la kuwatia aibu. Hiyo ndiyo hasira ya Dee ikiwa na sababu ya karibu zaidi.

Ila sasa rudi kwenye ile sababu ya Karenga. Yeye alichagua Kiswahili kwa sababu hakina kabila. Mzazi wa Nairobi anachagua majina ya Kiswahili kwa sababu hayana kabila. Miaka arobaini na bahari nzima kati yao, na wazo ni lile lile: kuna lugha moja hapa Afrika Mashariki ambayo ni ya kila mtu, kwa hivyo si ya mtu. Lakini ina watu. Wako Lamu, wako Mvita, wako Vanga, na wanapeana majina kwa utaratibu wao, kwa adhana sikioni na siku ya saba. Majina yao ya nyumbani, kina Abdalla na kina Mwanakombo, hayatafutwi na mzazi wa Nairobi hata kidogo, kwa sababu hayo nayo yana sura, na sura hiyo ina bei yake. Waulize Wanubi wa Kibra miaka yote waliyohojiwa kuhusu uraia wao kabla ya kupewa kitambulisho. Yaani tumechukua kutoka kwa Mswahili maneno yake matamu, *amani*, *imani*, *neema*, tukamwachia majina yake na shida zake. Hilo ni tendo la Dee na blanketi: kazi ya mikono naitaka, wenyewe hapana.

Je, basi mtu asimwite mtoto Imani? Hapana, amwite. Mjaluo amwite mtoto Nafula, Mgikuyu amwite Achieng', Mmarekani amwite Wanjiru, wote wakitaka. Ninachopinga ni lile swali la kwanza ambalo tumezoeshwa kuuliza, *linamaanisha nini?*, kama vile jina ni pakiti na maana imeandikwa nyuma. Kuna maswali bora, na fasihi hii niliyoipitia imeyauliza tayari. Je, kuna mtu mmoja hai, mwenye jina hilo au mwenye lugha hiyo, ambaye mtoto atakapokua ataweza kupelekwa kwake akaambiwa huyu ndiye? Kama jina ni Achieng', kwa sababu jirani Achieng' ndiye aliyempeleka mama hospitalini saa nane usiku, basi limetosha, hakuna kamusi inayoweza kulishinda. Je, nyanya ya mtoto, yule ambaye ndiye atakayemlea mkiwa kazini, ataweza kulitamka? Na je, mzazi yuko tayari kulipia gharama ya jina pamoja na utamu wake?

Haki Madhubuti anaweza kuwa mfano wa mwisho. Jina lake ni la kamusi kabisa, halina shosho nyuma yake. Lakini mwaka wa 1967 alishiriki kuanzisha shirika la uchapishaji, Third World Press, huko Chicago, akaliendesha kwa miongo mingi na kuchapisha watu ambao wengine hawakuwataka. Kama hukurithi jina kutoka kwa mtu, unaweza kuwa wewe ndiye wa kwanza, yule ambaye wengine watarithi kwake. Ila hiyo ni kazi ya maisha mazima, siyo ya alasiri moja na kamera.

Kuna dakika moja katika "Everyday Use" ambayo wahakiki huipita haraka, na kwangu ndiyo kitovu cha hadithi. Dee, baada ya kulitangaza jina lake jipya, anamwambia mamake kwamba si lazima alitumie kama hataki. Mama anajibu kwamba kama hilo ndilo wanalotaka waitwe, basi wataitwa. Na anajaribu. Mwanamke huyu asiyesoma zaidi ya darasa la pili anasema atalizoea, anaomba alisikie tena. Angeweza kulifikia. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo Wangero aliwahi kuwa nayo ya kuwa jina: mama yake mzazi, barazani, akijifunza kuliita. Dee hakulisubiri. Alikuwa ameshaanza kuangalia fanicha.